Mtoto wa Barabara

Mwaka wa Korona nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni moja ya Tukuyu mjini, upande wa chini wa soko. Siku moja asubuhi aliingia mama mmoja niliyekuwa nimeshamsuka mara nyingi. Alikaa kitini, nikamvua kilemba, nikaanza kumchana. Akawa ananitazama kwenye kioo kama vile ndiyo kwanza ananiona.

"Hivi wewe," akasema, "baba yako si Mchina?"

"Ndiyo, mama."

"Na mnaonana?"

"Sijawahi kumwona tangu nizaliwe."

Sijui kama alinisikia. Alininyang'anya kilemba, akajifunga kichwa kikiwa kimechanwa nusu, akatoka. Mlangoni akamwambia bosi wangu, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kwamba yeye hawezi kushikwa kichwa na watu walioleta ugonjwa. Vijana wa bodaboda walioegesha pale nje wakashangilia. Kuanzia siku hiyo nikawa Korona. Nikienda kununua ndizi, "Korona hiyo, zibeni pua!" Nikirudi, hivyo hivyo. Bosi alivumilia kidogo, halafu akaniambia nikapumzike nyumbani mpaka hali itulie. Aliniambia kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko kelele za bodaboda.

Sikuwa mgeni wa mambo hayo. Nimezaliwa Lufingo. Mama yangu ni Mnyakyusa wa hapo hapo. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kambi ya Wachina waliokuja kujenga barabara, na kambi ilipohama aliondoka nayo, mimi nikiwa bado tumboni. Nimechukua macho yake na nywele zake, hizi zinazoteleza kwenye kila kibanio. Mengine yote ni ya mama, lakini hayo mengine hakuna aliyekuwa na habari nayo. Mwalimu mmoja wa hesabu aliwahi kuwaambia wenzangu wasinisukumesukume, maana mali ya Mchina haina waranti. Darasa zima likacheka, naye akageukia ubao akiwa ameridhika na nafsi yake. Nyumbani wake za wajomba zangu waliniita mtoto wa barabara. Maana yake niliachwa pale kama mapipa ya lami, kazi ilipokwisha.

Basi nilirudi Lufingo na hasira zangu. Babu, baba yake mama, alikuwa amepooza upande mmoja. Wajomba walikuwa Mbeya na shughuli zao, kwa hiyo kumwosha, kumlisha na kumgeuza kitandani ikawa kazi yangu, kwa kuwa mama mgongo ulikuwa unamsumbua. Maisha yangu yote babu hakuwahi kuniita mjukuu. Aliniita "gwe", yaani "wewe" kwa Kinyakyusa, na hata ulimi ulipokuwa mzito neno hilo halikumshinda. Nisidanganye kwamba nilimhudumia kwa mapenzi. Hakuwepo mwingine.

Mama alikuwa na chakula chake kimoja alichopenda kupika siku za mvua. Alikanda unga wa ngano, akaupumzisha, kisha akauvuta kwa mikono miwili, akaukunja na kuuvuta tena mpaka ukawa nyuzi ndefu, akazitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Tulikula na mchuzi wa kabichi na pilipili. Tukakiita myen. Nilikua nikiamini hilo ni neno la Kinyakyusa, mpaka siku nilipolitaja kwa rafiki yangu na bibi yake akasema hajawahi kulisikia. Sikuuliza wakati ule. Nyumbani kwetu mtu alijifunza mapema kutouliza.

Sasa nikauliza. Tulikuwa jikoni, mvua inapiga bati, mama amenyoosha mikono na unga unaning'inia katikati.

"Mama, hii myen ulijifunzia wapi?"

"Kwa baba yako. Kwani ulidhani wapi?"

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Lakini hakuishia hapo. Nadhani naye alikuwa amechoka.

Akanieleza kwamba alikuwa anauza karanga na ndizi za kuchemsha kwenye geti la kambi. Baba alikuwa haji na wenzake, alikuja peke yake, akala akiwa amesimama, akicheka kila alipokosea Kiswahili. Alimfundisha mama kuvuta unga juu ya kipande cha mbao, nyuma ya karakana, na mama akamfundisha kumenya ndizi mbichi bila kuchafuka utomvu. Mimba ilipoonekana, baba hakukimbia. Alinunua ng'ombe wawili kwa watu wa Ikuti, akaja nao nyumbani pamoja na mkalimani, kama anavyotakiwa mwanamume yeyote anayeoa kwetu. Babu akatoka na panga. Akasema hapokei ng'ombe kutoka kwa mla nyoka. Baba akarudi siku nyingine, safari hii peke yake, akiamini labda mkalimani alitafsiri vibaya. Babu akaita vijana wa jirani. Wakampiga hapo hapo kwenye migomba, wakamvunja mkono.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimefungiwa Lupepo kwa shangazi. Nilipotoka, kambi imehama."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Tulikuwa tunakula ugali wa babu yako," mama akasema. "Ningekwambia, halafu ungemtazamaje?"

Baadaye nilimpelekea babu uji. Akafungua mdomo kama kawaida, nikamlisha kijiko baada ya kijiko, nikamfuta kidevu. Nilitamani uji ule ungekuwa wa moto zaidi. Ndicho nilichohisi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kitu kizuri zaidi ya hicho na sikipati.

Alifariki mvua zikiwa bado nyingi. Wajomba wakaja na magari, wakachinja ng'ombe, wakaleta matarumbeta ya kanisa. Watu walijaa mpaka kwenye shamba la chai la jirani. Mimi na mama tulipika tangu alfajiri. Alipokwisha kufukiwa, mjomba mkubwa akachukua kipaza sauti, akaita watoto waweke mashada, kisha akaita wajukuu. Nikasimama na binamu zangu, shada langu mkononi. Nilipolikaribia kaburi, mjomba akaninyooshea mkono kifuani.

"Wajukuu tu," akasema. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni, wote wakasikia.

"Mjomba, kwani mimi nani?"

"Unajijua. Usituletee fujo msibani. Nenda kwenu."

"Kwetu wapi?"

"China huko!"

Watu wakacheka. Msibani, kwenye udongo mbichi, walicheka, akina mama wakijiziba midomo kwa kanga.

Hapo ndipo nilipoongea. Niliongea Kinyakyusa, hicho hicho nilichokiokota kwa marehemu alipokuwa akinituma maji na kuni. Nilisema: baba yangu alileta ng'ombe kwenye boma hili. Alifukuzwa kwa panga. Aliporudi kuuliza amekosea nini, alivunjwa mkono kwenye migomba ile pale, na waliomvunja wamo humu, wamevaa makoti, wananitazama. Mimi sikuachwa barabarani. Nilikuwa na baba anayenitaka, mkamfukuza, halafu mkanicheka kwamba sina baba. Na huyu mliyemzika leo, mikono iliyomwosha mpaka mwisho ni hii. Ya Mchina.

Mchungaji akanisogelea. "Binti yangu, hapa si mahali pa maneno hayo."

"Alipigwa hapa, mchungaji. Nikayaseme wapi?"

Nikamsikia mama nyuma yangu. Hakupaza sauti. "Ni kweli," alisema. "Yote anayosema ni kweli, na mimi ndiye niliyemwambia." Mzee mmoja aliyekuwa mbele alivaa kofia yake akaondoka, bila kumtazama mtu. Mjomba akawapigia kelele watu wa matarumbeta wapige, wakapiga, na katika kelele zile nikapita nikaweka shada langu. Hakuna aliyenizuia. Kesho yake nililikuta limetupwa kwenye migomba.

Baada ya matanga wajomba walikaa kikao, wakatuambia nyumba ina mgawanyo wake na sisi hatumo. Mama hakubishana. Tulihamia Tukuyu, chumba kimoja kwanza, baadaye viwili, na sasa nina saluni yangu ndogo, nasuka mwenyewe. Mjomba mkubwa hajatusalimia tangu siku ile. Tulikutana naye benki, akageukia ukuta. Bodaboda nao wapo pale pale. Korona imekwisha midomoni mwao, siku hizi ni "chin-chon" na vicheko vyake.

Mteja akiniuliza mimi ni wa wapi, simjibu kwa neno moja tena. Namsimulia yote, kambi, unga, ng'ombe wa Ikuti, mkono. Kusuka huchukua muda, na mwenye kichwa mikononi mwangu hana pa kwenda. Wapo waliokasirika wakaniambia namvunjia heshima marehemu. Wapo ambao hawakurudi. Mmoja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kaka yake alikuwa miongoni mwa vijana waliomvunja baba mkono, na kwamba kaka huyo hakuwahi kulizungumza jambo hilo. Sikumwambia kwamba si kitu. Nilimaliza kumsuka.

Nimeanza kujifunza Kichina kwenye simu, taratibu, na mama ananicheka matamshi. Siku nyingine huja saluni, akakaa kwenye benchi, akanisikiliza nikisimulia kwa mteja mpya. Zamani angetoka nje. Siku hizi ananikatiza.

"Si kipande cha mbao tu," anasema. "Ulikuwa mlango. Aling'oa mlango mzima wa stoo tupate pa kukandia."

Kisha anaendelea yeye.