Siku Walipokuja Kumsifu Baba

Baba yangu alikufa kitandani kwake, mjini Malindi, akiwa mzee wa wajukuu na vitukuu, asubuhi moja alipomaliza nyiradi zake. Kilikuwa kifo chema. Nililia kama mtu anavyolia, nikanyamaza. Hasira niliyonayo mpaka leo haikutokana na kifo. Ilitokana na hitima, kisomo cha kumwombea.

Baba alikuwa injinia wa maji wa serikali. Mtaani petu wakati ule hakukuwa na mwingine, na watu walimwita hivyo hivyo, Injinia, hata mamake mzazi. Sala zake zote tano alikuwa akizisali msikitini, na chakula cha usiku alikula nyumbani, hapana mkutano uliomzuia. Mama akiwa na homa, baba atapita sokoni, ataleta samaki, ataparuza magamba mwenyewe uani huku mikono ya shati la kazi imekunjwa, majirani wamcheke wapendavyo. Alitusomesha Kurani baada ya Alfajiri na hesabu baada ya Isha, na kosa la hesabu lilimuudhi sawasawa na kosa la tajwidi. Sisi wasichana alitusomesha vile vile alivyomsomesha kaka yetu. Ami zangu walinong'ona kuwa anajichosha bure, akawaambia kwamba Mungu alipoamuru watu wasome hakuuliza ni mume au ni mke.

Nilikuwa bado msichana wa shule ulipojengwa mnara wa tangi la maji katika shule moja ya bweni, upande wa Kilifi. Kontrakta alipomaliza, baba akapelekwa kuukagua ili atie sahihi, maji yapandishwe. Akazizunguka nguzo, kisha akachota mchanga uliobaki pale kando akautia ulimini. Ulikuwa na chumvi. Walikuwa wamechota ufuoni badala ya kuleta mchanga wa mtoni, na mchanga wa bahari huvila vyuma ndani ya zege polepole. Kwa nje huoni kitu mpaka nguzo ipasuke. Na chini ya nguzo zile ndipo watoto wangepanga foleni na ndoo zao.

Baba alikataa kutia sahihi. Mkubwa wake akamwita ofisini. Huyo mkubwa alikuwa mtu wa kwetu, wakisali Ijumaa safu moja, mabega yamegusana. Jioni ile baba alimhadithia mama jikoni, nasi tukisikia. Alikuwa ameambiwa kwamba waheshimiwa wanangoja siku ya ufunguzi, kwamba nguzo hazina neno, kwamba mtu mwenye watoto hutazama mbele. Mwisho mkubwa akamwambia, "Wewe umeajiriwa uinjinia, hukuajiriwa uimamu."

Baba akamjibu, "Na kwa jambo hili, vyote viwili vinaniambia neno moja."

Haukupita muda akahamishwa kaskazini, mbali, kwenye nchi ya ngamia na upepo, akatengeneze visima. Sahihi akaitia mwingine.

Nataka nieleze uhamisho ule ulikuwa nini, maana wakubwa hulitamka neno hilo kama kwamba ni kubadilisha kiti. Mama alibaki na sisi na mkwewe, bibi yetu, aliyekuwa hana macho tena. Baba akija likizo alikuwa na vumbi jekundu limeingia katika mikunjo ya shingo, halitoki kwa sabuni. Watu wa heri wakamshauri aoe mke huko huko apumzike. Akawaambia nyumba yake iko Malindi. Bibi alipofariki, habari zilimkuta njia zimekatika kwa mvua, na maiti wetu hangojwi. Alifika mamake amekwisha zikwa. Alikwenda makaburini peke yake na kanzu ya safari, akarudi amevimba macho, akamuuliza mama kama bibi alimtaja. Mama akamwambia ndiyo. Alikuwa akimwita Injinia mpaka mwisho.

Mnara ule ulianguka. Ulianguka shule zimefungwa, na kwa rehema za Mungu hapakuwa na mtu chini yake. Hapo ndipo baba aliporudishwa pwani, kimya kimya, bila neno la samahani. Yeye hakulidai. Mimi nililidai kwa niaba yake, moyoni, kila siku.

Alipostaafu hakutulia. Kuanzia Junju mpaka Matsangoni, anayechimba kisima akimwita alikwenda, kisima kiwe cha msikiti au cha kanisa. Hata alipozeeka, na mkongojo wake, bado alisimama penye watu wanaojenga akaonja mchanga wao. Hivyo ndivyo alivyoishi, miaka mingi, mpaka Mola wake alipomwita.

Siku ya hitima, wanaume walikuwa uani juu ya mikeka, sisi wanawake ndani na mama aliyekuwa ameanza kukaa eda ya ujane. Kisomo kilipokwisha nikasikia katika kipaza sauti sauti niliyoijua. Ni yule mkubwa wa baba kazini, mzee sasa, mtu wa majukwaa, amekuja na watu wa kumshikia viatu.

Akasema yeye na marehemu walikuwa kitu kimoja. Akasema alimpenda, na ndiyo maana alimchagua yeye ampeleke kaskazini, kwani watu wa kule walihitaji mtu mwaminifu. Wanaume wakaitikia, mashaallah.

Mama akauacha uradi. "Nenda kakizime," akaniambia.

Nikamwambia uani kumejaa wanaume.

"Mimi siwezi kutoka, niko edani," akasema. "Wewe huna eda."

Nikajitanda leso juu ya buibui, nikapita kati ya mikeka. Kaka yangu aliniona, akainuka nusu, akakaa tena. Nikauchomoa waya. Sauti ikakatika, nikasikia sufuria za jirani.

"Mzee, shikamoo," nikasema. "Mama amesema hotuba zimetosha, baba aombewe dua. Na kama ulimpenda, usingempeleka mbali hata asimzike mamake."

Hilo la mwisho mama hakunituma.

Sheikh akainua mikono, dua ikasomwa, na mzee akaletewa sinia la pilau. Akala. Akala vizuri, yeye na watu wake. Alipoondoka alipita mlangoni akaniita pembeni, akasema kwa upole, "Binti yangu, yale yalikuwa mambo ya kazi. Yamepita."

"Kwako yamepita," nikamwambia.

Ami zangu walinikalia baraza jioni ile. Wakasema nimeitia nyumba aibu, nimesimama mbele ya wanaume, nimemvunjia heshima mgeni katika matanga. Wakanitaka niende kwake nikaombe radhi. Walisema pia kwamba baba mwenyewe angempisha mkeka na kumkaribisha, na hapo walisema kweli. Baba angemsamehe, labda alikwisha msamehe zamani. Lakini msamaha wa baba hauipi ruhusa midomo ya watu kugeuza adhabu waliyompa ikawa tunu. Hayo niliwaambia, wakatikisa vichwa.

Mama alinisikia kutoka ndani. Aliniita, akanipa bakuli la pilau, akaniambia nikae nile, sijatia kitu kinywani tangu asubuhi.

Ami yangu mkubwa huitikia salamu yangu nusu mpaka leo. Radhi sikwenda kuomba, na siendi.