Stimu na Kanali Walivyokwenda Chuo

Mwezi uliopita Barnaba, jirani yetu wa upande wa mtoni, alikuja nyumbani kumuuliza mume wangu jambo moja. Kijana wake anataka kufanya ule mtihani wa kuingilia chuo kikuu, ule wanaoufanya watu wazima waliokwama kidato cha nne. "Kaka Makoye," akasema, "wewe binti yako aliupita. Hivi unagharimu kiasi gani?"

"Ada na nauli tu," mume wangu akajibu. Barnaba akashukuru, akaondoka uso umechangamka.

Mimi nilikuwa hapo hapo napepeta mchele. Nilinyamaza kwa heshima ya mgeni, lakini ungo niliupiga kwa nguvu. Makoye ni mwanamume mwema, nimeishi naye zaidi ya miaka thelathini na sina haja ya kumsengenya. Ila ana ugonjwa mmoja: hasemi linalomuuma. Akijikata na panga mpaka mfupa uonekane, atakwambia amechubuka. Sasa kwa kuwa yeye hasemi, nitasema mimi mkewe.

Sisi ni Wasukuma. Tulihamia huku Kamsamba mwaka themanini na nane, tukiswaga ng'ombe wetu kuwafuata ndugu zake waliotangulia. Joto lilitupokea na mbu pia, lakini mbuga ilikuwa pana na mpunga ulikubali. Makoye hakuchukua muda kujulikana. Wapo watu wana zizi limejaa na hawajui kulima na ng'ombe hata mmoja. Yeye alikuwa na mkono wa kuwafundisha. Alimchukua njeku, yaani dume changa ambalo halijawahi kuonja nira, akatembea nalo asubuhi na jioni akiliongelesha kama mtu anayebembeleza deni, na baada ya msimu lilivuta plau bila kupigwa. Fimbo alikuwa nayo, ya kuegemea tu. Watu walitoka hata Ivuna kumletea madume yao.

Shule aliishia darasa la nne. Kwa hiyo alipojaliwa binti mwenye akili za darasani, Getruda wetu, nadhani alimwogopa kidogo. Getruda akisoma kibatari kinawaka, Makoye alikuwa anatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mimi nilikuwa namcheka.

Kidato cha nne Getruda alimaliza, lakini alama hazikutosha kwenda mbele. Akafundisha watoto wa chekechea kanisani, akaenda Tunduma kutafuta maisha, na maisha yakampa mimba ya utingo wa lori. Huyo utingo alivuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kununua vipuri. Mpaka leo ananunua. Getruda akarudi kwetu, akajifungua Goodness, na mwaka 2009, mtoto ananyonya bado, mchungaji wa kanisa akamweleza habari za ule mtihani.

Wakati huo hatukuwa tena watu wa ng'ombe wengi. Homa ya mapafu ilikuwa imepita miaka minne nyuma, ikatufagilia zizi. Tulibaki na jike mmoja aliyekuwa anakamuliwa, njeku wake, mbuzi wachache, na maksai wawili, Stimu na Kanali. Hao wawili ndio walikuwa mikono yetu. Mbuga ya huku ni udongo mweusi mzito. Mvua za kwanza zikilowesha, una wiki chache tu za kulima kabla maji hayajajaa. Mwenye maksai analima kwa wakati. Asiye nao anasubiri wenye nao wamalize ya kwao.

Makoye aliposikia ada ya mtihani aliuza mbuzi mmoja, mambo yakaisha. Au ndivyo tulivyodhani. Kumbe ada inalipwa benki, na benki haiko Kamsamba, kwa hiyo nauli ya lori mpaka Tunduma. Akaenda Getruda, akarudi na karatasi ya benki na habari mpya: zinatakiwa picha, na nakala ya cheti iliyogongwa muhuri wa mwanasheria. Haya, mbuzi wa pili. Akaenda Vwawa, akarudi: mtihani ni Mbeya, siku mbili, lazima alale huko, tena bila masomo ya maandalizi watu hawapiti, na masomo yenyewe ni wiki mbili, kwa kulipia. Yaani kila Getruda akisafiri, mtihani ulikuwa unazaa.

Mbuzi waliobaki hawakutosha. Siku ya mnada nilitoka mtoni, nikamkuta Stimu amesimama peke yake zizini, anatazama njia. Nilielewa kabla ya kuuliza. Makoye alirudi jioni, ameshika kamba mkononi bila ng'ombe.

"Umemuuza Kanali," nikasema.

"Nimemuuza."

"Kwa nini hukuuza jike?"

"Goodness atakunywa nini mama yake akiwa Mbeya?"

Hapo alinishika. Mtoto alikuwa hanywi uji vizuri, na sisi wenyewe tulikuwa tumekubali kwamba atabaki na mimi na maziwa ya yule ng'ombe. Lakini hasira haikuniisha. Nikamwambia, "Baba Getruda, wale wamefungwa nira moja tangu wanaanza kazi. Ukimuuza mmoja huyo mwingine unamfanyia nini?"

"Mama Getruda, mimi ndiye niliyewafunga. Mvua bado miezi sita. Njeku nitamfundisha, ataingia mahali pa Kanali." Alisema kwa utulivu, na mimi nikaamua kumwamini, maana kama kuna kitu Makoye anakijua duniani ni hicho.

Getruda akaenda Mbeya. Karatasi ya kwanza aliifanya vizuri, alituambia hivyo. Ila tulikuwa tumepanga maziwa ya mtoto, hakuna aliyefikiria maziwa ya mama. Mtoto yuko Kamsamba, matiti yako Mbeya, yamejaa na kuwa magumu kama mawe. Usiku wa siku ya kwanza homa ikampanda. Asubuhi aliingia kwenye karatasi ya pili anatetemeka, kitenge amekifunga kifuani ili blauzi isionekane ilivyolowa, na mbele yake maswali anayaona mawili mawili. Aliporudi nyumbani alimchukua Goodness kabla hajatusalimu.

Matokeo alikwenda kuyatazama Mlowo, kwenye kompyuta ya duka la fotokopi. Alikuwa amekosa, tena kwa kidogo. Alisema atajaribu tena mwakani, na hatukumkatisha tamaa. Huyu binti hatumlaumu.

Basi, mvua zikaja. Njeku alikuwa amefundishika kweli, Makoye alitimiza neno lake. Tukaenda shamba alfajiri, Getruda mbele anaongoza, baba yake nyuma ameshika plau. Tatizo lilikuwa Stimu. Alikuwa amezoea kutembea ndani ya mfuo uliochimbwa na plau, Kanali kushoto kwake, bega lao moja. Sasa alikuwa anaegemea upande ule, hamkuti mwenzake, anakuta kijana anayevuta kwa papara. Nira ikawa inakwenda upande. Hawakumaliza mfuo wa tatu. Stimu akapiga magoti, akalala kwenye tope.

Makoye alimwongelesha. Alimwita kwa jina. Alimfungua, akamfunga tena upande wa kushoto, akambadilisha. Stimu akasimama, akavuta hatua chache, akalala. Ndipo nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nimeolewa: Makoye aliinua fimbo juu. Haikushuka. Aliitupa pembeni, akakaa chini kwenye udongo uliolowa, karibu na kichwa cha ng'ombe wake, akafunika uso. Nilimhurumia, na wakati huo huo nilitaka kumwambia, "Nilikuonya." Nikaiokota fimbo.

Tulikwenda kuomba maksai wa kukodi. Watu hawakutunyima, lakini kila mtu alikuwa na lake. Zamu yetu ilipofika mbuga ilikuwa imeshaingia maji, tukapanda kipande tu, na hicho kipande nacho kikazama nusu. Mwezi wa pili njeku aliuzwa kwa ajili ya chakula. Sisi watu wa mpunga tulikula mtama wa kununua, na hata huo kwa kupimiana.

Jioni moja Getruda akasema mbele yetu wote wawili, "Baba, mtihani basi. Nitakwenda Tunduma kuuza kwenye duka la mtu."

Makoye hakubisha. Aliuliza tu, "Ulikosa wapi?"

"Karatasi ya pili."

"Ilikuwa ngumu?"

Getruda akainamisha kichwa. Ni aibu binti kumweleza baba yake habari za matiti, kwa hiyo nilimweleza mimi, waziwazi, na kwa ukali kidogo maana nilikuwa nimechoka. Makoye alisikiliza mpaka mwisho. Alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya akimchunguza ng'ombe anayechechemea na ameshaona mwiba ulipo.

"Kwa hiyo si akili," akasema. "Mtoto anaacha kunyonya lini?"

"Ameshaacha," nikasema.

"Basi mwezi wa tano unakwenda."

"Kwa hela gani, baba?" Getruda akauliza. Alikuwa analia.

"Stimu amebaki peke yake. Ng'ombe wa kulimia akibaki peke yake ni nyama tu."

Safari hii hakwenda kimya kimya. Aliniambia mapema, na nilikwenda naye mnadani. Wachinjaji ndio walimnunua, kwa sababu mkulima gani atanunua ng'ombe anayelala shambani. Kurudi alitembea mbele yangu, kamba begani. Nilitamani anigombeze kwa kitu chochote.

Getruda alifaulu. Alituma habari kwa simu ya Barnaba, kwa sababu yetu tulikuwa tumeshaiuza. Makoye alikuwa anapalilia mboga. Alisikia, akasema, "Vizuri," akamaliza mstari wake, halafu akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Siku hiyo hakukuwa na upepo hata kidogo.

Chuoni Getruda alipata mkopo wa serikali. Sisi huku tulilima mbuga kwa jembe la mkono. Kama hujawahi kulima udongo ule kwa mkono sijui nikwambieje; ukipiga unanata, ukinyanyua unanyanyua shamba. Msimu wa kwanza Makoye alitania kwamba sasa yeye ndiye Kanali na mimi ndiye Stimu. Msimu wa pili alikuwa hatanii. Msimu wa tatu aliinama asubuhi moja na hakuweza kunyooka, mimi na mke wa Barnaba tukambeba mpaka nyumbani. Zahanati walimpa vidonge. Tangu siku hiyo anatembea amepinda, na kukaa kwake ni kwa kuchagua upande.

Getruda sasa ni mwalimu wa sekondari, yuko upande wa Itaka. Mwaka jana, kabla ya mvua, alikuja na lori dogo. Wakashusha maksai wawili wekundu, wamekomaa.

"Mnadani walitaka kuniuzia mmoja mmoja, bei nafuu," alisema. "Nikawaambia nataka wawili, tena waliolima pamoja."

Makoye aliwazunguka, akawashika mabega mahali nira inapokaa, akawafungua midomo. Alikuwa anatabasamu kama kijana. Halafu akaenda kwenye plau, iliyokuwa imekaa ukutani muda wote huo inakula kutu, akaishika mipini, akainyanyua. Ilitoka chini kidogo tu. Akairudisha taratibu, akasimama ameishikilia, na sote watatu tukawa tunatazama sehemu nyingine. Getruda alikuwa ameelewa ng'ombe. Kwamba mgongo wa baba yake hauwezi tena plau, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kwa hiyo plau naishika mimi. Nimekuwa bibi, na ndiyo kwanza naanza kujifunza.

Juzi Barnaba alikuja kuniongozea ng'ombe, maana tunasaidiana, na tulipofika mwisho wa mfuo nikawasimamisha. "Shemeji," nikamwambia, "uliuliza gharama za mtihani, hukujibiwa." Nikamhesabia: mbuzi, Kanali, homa ya maziwa, mpunga wa mwaka mzima, njeku, Stimu. Barnaba alikuwa anajua vipande vipande kama majirani wanavyojua, lakini hakuwahi kuvisikia vimepangwa pamoja. Alikuna kichwa.

"Kumbe ni vingi," akasema.

"Bado kimoja." Nikamwonyesha kwa kidevu. Makoye alikuwa ameketi kwenye tuta la mwisho wa shamba, fimbo magotini, amepinda, macho hayatoki kwenye miguu ya ng'ombe.

Barnaba alimtazama, kisha akapaza sauti. "Kaka Makoye, hivi ule mtihani wa Getruda uligharimu nini hasa?"

Makoye aliweka mkono sikioni, akamfanya arudie swali. Halafu akajibu kutoka kule kule kwenye tuta.

"Si nilikwambia, Barnaba? Ada na nauli tu. Mpeleke mtoto." Akanigeukia mimi. "Na wewe Mama Getruda, huyo wa kushoto unamwacha nyuma. Waende pamoja."

Nikamrudisha wa kushoto kwenye mstari, tukaendelea kulima.