Baba Mkwe na Kituo Kisicho na Basi

Kwetu Unyakyusa, sisi tulioolewa zamani, baba mkwe hatazamwi. Ukimwona anakuja, unaingia migombani mpaka apite. Humsemeshi, na jina lake hulitamki hata uchapwe. Sasa fikiria huyo huyo awe ndiye mkata tiketi wa kituo cha mabasi hapa Tukuyu! Nikitaka kwenda Mbeya nilijibanza ubavuni mwa dirisha, nikamtuma abiria mwingine anikatie. Mzee hakuuliza tiketi ni ya nani, lakini kila mara nilijikuta nimepewa kiti cha dirishani.

Ikaja ruksa ya watu binafsi kuendesha magari ya abiria. Wenye uwezo wakaleta Haisi zao, zikawa zinaokota watu mlangoni kwao. Nani tena aende kituoni kusubiri basi la umma linalokohoa njia nzima? Mabasi yale yakafa moja moja, kampuni ikafungwa, kituo kikaota nyasi. Wenzake wote wakaenda zao, yeye akabaki na ufunguo. Kila asubuhi alivaa koti lake la kazi, akaenda kufagia na kufungua dirisha. Mume wangu alikuwa akifoka kwamba baba anatutia aibu. Mimi nilimhurumia mzee wa watu, lakini ningemwambia nini?

Siku moja ilinyesha ile mvua yetu isiyojua kukoma. Mama mkwe alikuwa msibani Lupepo, mume wangu yuko kiwandani kwenye chai. Chakula cha mchana cha mzee kikapoa, kikaganda, mwenyewe hajatokea. Alikuwa na pumu, na baridi ilikuwa kali. Nikashindwa kukaa, nikaenda kituoni.

Dirisha lilikuwa wazi. "Nani hapo?" sauti ikatoka chini sakafuni. Nikanyamaza. "Nani?" Nikanyamaza tena.

"Basi ni wewe, mkwe," akasema. "Mwingine angeshajibu."

Paa lilikuwa limevuja, akateleza, mguu ukavunjika. Alikuwa amelala pale tangu asubuhi. Akaniambia nikaite mwanamume. Mwanamume gani, na mvua ile! Niliangalia barabara juu na chini, hata mbuzi hayupo. Na kifua chake nakisikia kinapiga filimbi. Nikajisemea, yaani anifie hapa kwa sababu ya adabu yangu? Thubutu!

Nikajifunika kanga kichwa kizima, nikaingia kwa kupapasa. Yeye akageukia ukutani ili asinione. Nikamwinua, nikauweka mkono wake begani kwangu, tukatoka. Mimi sioni, yeye hatembei.

"Kulia, mkwe. Hapo kuna mfereji. Mwe! Polepole, nina mguu mmoja tu."

Mungu anisamehe, nilicheka ndani ya kanga. Naye akacheka, akakohoa, nikaogopa upya. Tulipofika madukani Makandana watu wakatoka vibarazani, wengine wanatushangilia kama harusi. Kijana mmoja mwenye nguvu akataka kumbeba mzee kabisa.

"Shika upande ule," mzee akamwambia. "Huku kuna mtu."

Hospitalini wakampa dawa ya kifua mara moja. Nesi, mgeni wa huku, akatoka akasema tumemuwahi, kingefunga kabisa. Nikakaa chini pale pale mlangoni, nikalia kwa raha, nashukuru, ndaga, ndaga, kanga imelowa mvua na machozi.

"Dada, mgonjwa anaitwa nani?" nesi akauliza.

Nikainamia sakafu.

"Umemleta mtu humjui hata jina? Wewe ni nani yake?"

Nikafumba macho. Ndipo nikamsikia mzee kule kitandani, sauti imeanza kurudi: "Jina langu niulize mimi. Huyo mwandike ni binti yangu."