Tulipotafuta Maumivu ya Adela Ndani ya Damu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1978, Mganga Mfawidhi wa zahanati moja huko Bweranyange alinionyesha darubini akasema, "Ukiivunja, usirudi." Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa. Nyinyi vijana wa maabara mnaolalamika kwamba kompyuta ni nzito, nisikilizeni kidogo.

Nilikuwa msaidizi wa maabara. Baada ya hapo nilihamishiwa Ihanda, kisha Bugomora, na kote nilipima malaria na minyoo hadi macho yakauma. Miaka ya tisini ndipo akaja Daktari Mtafiti. Alichunguza kusagika kwa viungo: gegedu, ile nyama laini inayofunika ncha za mifupa, inalika mpaka mfupa unasugua mfupa. Eksirei huonyesha hayo mambo yakiwa yameshaharibika. Yeye alitafuta alama kwenye vinasaba, yaani yale tunayorithi kwa wazazi, ili ugonjwa utambulike mapema.

Mama Adela, mkulima wa kahawa pale Bugomora, alimfuata upesi. Binti yake alikuwa amerudishwa nyumbani na wakwe. Magoti yalimuuma, lakini hayakuvimba, na eksirei haikuonyesha kitu. Wakwe walisema ni mvivu, tena hana adabu, kwa kuwa ameacha kupiga magoti akiwaamkia.

"Daktari, chukua damu yangu na yake," alisema Mama Adela. "Iwaambie wakwe zake kama mwanangu anadanganya."

Daktari alihitaji damu ya wagonjwa na ya wazima, ailinganishe. Na hao wazima aliwapataje? Wanawake waliingia, wakapiga magoti sakafuni, "Shikamoo Daktari," wakainuka wakitabasamu. Yeye akaona magoti mepesi, akawaweka kwa wazima. Mama Adela akiwemo! Adela aliamkia amesimama, akawekwa kwa wagonjwa. Tukaizungusha damu kwenye mashine, tukaitenga, tukaihifadhi kwenye barafu, kazi ya miezi.

Utafiti ulitaka hata wazima wapigwe eksirei. Picha ziliporudi kutoka hospitali, nusura Daktari alie.

"Mama, magoti yako yameisha kabisa! Mbona hukusema?"

"Waitu Daktari," alimwita kwa heshima ya kikwetu, "wewe ni mgeni wetu. Ulitaka nikuamkie nimesimama?"

"Lakini yanakuuma!"

"Yananiuma sana. Ila sikuja kukulilia magoti yangu. Nimekuja kwa ajili ya Adela."

Nilimkasirikia Daktari kwa kupima watu kwa salamu, nikamkasirikia na mama kwa kujikaza. Tulianza upya, muda wa utafiti ukaisha katikati, Daktari akaondoka na chupa zake. Kila siku ya gulio Mama Adela alisimama dirishani kwangu: "Damu imesema?" Nilichoka kumwambia bado. Alifariki bila jibu.

Nilipokaribia kustaafu, Mganga Mkuu wa Wilaya alinieleza bila kuzunguka: "Vinasaba vya ugonjwa huu ni vingi, na kila kimoja kinachangia kidogo. Usitegemee kipimo kimoja cha damu." Sawa. Sayansi ina mwendo wake, nami nina migomba yangu ya kupalilia.

Lakini nikimwona Adela kanisani, hasira inanirudia. Miguu imepinda, anatembea kwa fimbo. Wakwe walewale humwachia nafasi kwenye benchi na kumpa pole. Siku hizi hakuna asiyemwamini. Alihitaji kuaminiwa kabla mumewe hajaoa mwingine.