Pale Karatasi Ilipoishia

Egidi Kapinga alikuwa na ugonjwa mmoja tu kazini: kila grafu aliyoichora ilianzia sifuri. Ndivyo mwalimu wake wa hesabu alivyomfundisha huko Litembo, kwa fimbo, kwamba mstari unaoanzia katikati ni mstari wa tapeli, na Egidi hakuwahi kuuliza zaidi. Kahawa, mahindi, watoto wa shule, vyote vilipanda kutoka sifuri. Wino wake haukudondoka, namba zake zilisimama wima, na wakubwa wa ofisi pale Mbinga walimpenda kwa hilo.

Basi mwaka ule wa sabini na nne, watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini, wakamletea vipimo vya maji ya Ziwa Nyasa vya miaka kumi. Walitaka kujua kama tambarare ya ufukweni kule Ngumbo inafaa kujengwa kijiji. Vipimo vyenyewe vilihesabiwa kutoka usawa wa bahari: mita mia nne sabini na tatu, sabini na nne, na kuendelea. Egidi akafanya alivyozoea. Chini akaandika sifuri, juu mia tano, akatia nukta zake, akaziunganisha. Ziwa likatoka limenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Kikaoni Bwana Kihiyo, Afisa Mipango aliyeletwa kutoka Tanga, aliubandika mchoro ukutani akasema ziwa hili halina makuu. Wajumbe wakapiga makofi, tambarare ikapita. Hata Egidi alifurahi, maana dada yake Tadea, aliyeolewa huko ufukweni, angepata kiwanja karibu kabisa na maji.

Siku chache baadaye Tadea akapanda Mbinga na kapu la usipa, dagaa wa ziwa lile.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Nipe maji kwanza, mlima wenu umenimaliza."

Alipokwisha kunywa akaanza kulalamika, jambo alilolipenda kuliko kula. Lilikuwapo jiwe kubwa walilokuwa wakianikia usipa tangu enzi za bibi wa mumewe. Sasa limo majini, mtu hulitafuta kwa vidole vya miguu.

"Limezama lini?" Egidi akauliza.

"Halikuzama siku moja. Kila masika ziwa linalimeza kidogo. Na hatua chache tu kutoka jiwe hilo ndipo mnapotujengea." Akafuta midomo. "Lakini ninyi watu wa ofisini ndio mnaojua."

Egidi akasimama. Hakungoja hata kumsindikiza. Alirudi ofisini wenzake wakiwa kwenye chakula, akatoa karatasi mpya na vipimo vile vile. Safari hii chini hakuandika sifuri. Aliandika mia nne sabini na tatu, akageuka kutazama nyuma kana kwamba yule mwalimu wa Litembo amesimama hapo. Juu akaandika mia nne sabini na sita, kwa sababu karatasi iliishia hapo na miraba yake ilienea vizuri. Akatia nukta. Ziwa likaanza kupanda, likapanda, likakaribia ukingo wa juu. Aliogopa, tena aliogopa mambo mawili: maji, na kuufungua mlango wa Bwana Kihiyo. Mtu aliyeipinga tambarare ile hadharani alikuwa ameitwa adui wa Ujamaa na kulazwa mahabusu.

Akaufungua.

Bwana Kihiyo aliitazama karatasi, akaugeukia mchoro wa ukutani, akairudia karatasi.

"Hili ziwa gani?"

"Lile lile, Bwana."

"Ipi ya uongo kati ya hizi?"

"Hakuna. Nukta hazikubadilika. Nimebadilisha pa kuanzia na pa kuishia, basi."

Mkubwa akainuka, akaurudishia mlango. Sauti ikashuka. "Ripoti iko Songea. Malori yanaanza kubeba watu Jumatatu. Unataka niwaambie watu wa mkoa kwamba nilionyeshwa mstari nikausoma ovyo?"

"Niliyeuchora ni mimi, Bwana."

"Na aliyetia sahihi ni mimi!"

Huko nje mtu alikuwa akipiga mluzi, na mluzi ule ulimkera Egidi kupita kiasi. Angeweza kuomba radhi na kutoka. Alikuwa na mke, mshahara, na nyumba ya kupanga. Akamfikiria Tadea amelala sakafuni na wajukuu, maji yakipenya chini ya mlango, akabaki amesimama.

Bwana Kihiyo akaikunja ile karatasi mara nne, akamrudishia.

"Hii sikuiona. Kijiji kitajengwa Ngumbo kama ilivyoamuliwa. Nani anakwenda kupiga vigingi vya viwanja?"

"Mimi."

"Basi nenda kapige vigingi, Ndugu Kapinga. Mimi viatu vyangu havipendi mchanga."

Egidi akashuka na lori la kwanza. Pale ufukweni, kwa kamba na chupa ya maji ya kupimia usawa, akapandisha vipimo kutoka ukingo wa ziwa mpaka akafika penye mita mia nne sabini na sita, ubavuni mwa mlima, mbali na tambarare. Akapiga kigingi cha kwanza hapo, vingine vyote juu yake. Wanawake walimtukana waziwazi. Katibu wa Chama akaja mbio kuuliza nani kaamuru watu wapande mlima.

"Bwana Mipango hakukataza," Egidi alijibu, akiendelea kugonga kigingi. Katibu akasonya, akaenda kutafuta kivuli.

Tadea ndiye aliyemkaba zaidi. "Ndoo nitabeba mimi, si wewe! Kama una undugu, nipe kiwanja cha chini kabisa."

Akampa kile cha kwanza. Ungemnyima vipi dada aliyekubeba mgongoni?

Miaka mitano wanakijiji walimlaani kila walipopanda na ndoo. Kisha ikaja masika ya ajabu. Ziwa likaimeza tambarare yote, likaanza kupanda mlima. Egidi alipopata habari alishuka kwa miguu. Nyumba zilikuwa zimesimama, na watu waliokuwa wakimtukana wakamkimbilia, wakamshika mikono, mzee mmoja akilia. Katibu yule yule alikuwa akieleza jinsi walivyopanga kwa uangalifu.

Nyumba moja tu ilianguka. Maji yalikuwa yamepita kigingi cha kwanza kwa kiasi cha goti la mtu, matofali mabichi yakalainika, ukuta ukalala. Tadea alikuwa amekaa barazani kwa jirani na wajukuu wote wazima, na mlango wa nyumba yake, kitu pekee alichookoa, umeegemezwa ukutani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wanasema ulijua yatafika wapi."

Egidi alitamani kukubali. Akaona aibu.

"Sikujua."

"Sasa kigingi changu kwa nini ulikipiga pale?"

"Karatasi iliishia pale, dada," akasema, akainama kumsaidia kuuinua mlango.