Barua Iliyotangulia Maji

Saa moja asubuhi Philip Wamalwa anaketi kwenye kipande cha ubao kilichofungwa kamba, anashika mtaimbo wake na kuteremshwa shimoni. Shimo limefika futi arobaini na mbili. Juu yake Mwanzia, mtu wa Machakos, anazungusha gogo lenye kamba, na mdomo wake haupumziki.

"Baba Idah, ukipata mke huko chini unijulishe! Mimi nimechoka kuvuta mawe."

"Wewe vuta. Ukiniangusha, roho yangu itakutafuta mpaka Machakos."

Shamba hili liko nje kidogo ya Ruiru, upande wa kwenda Thika. Majirani wana kahawa na katani. Mzungu wa hapa amepanda mizabibu mia sita, na mrefu kuliko yote haujamfika mtu kiunoni. Januari hii ni kavu. Kila mzabibu unataka debe moja la maji kwa wiki. Trekta linaleta nusu yake kutoka mtoni.

Mpango wa kisima ni wa Wamalwa mwenyewe. Bwana alitaka kuchimba bondeni penye mafunjo, ambako maji hayako mbali. Wamalwa alikataa.

"Nilimwambia, bondeni tutachimba siku nne, halafu tutabeba maji kupanda mlima miaka arobaini."

Akamwonyesha mahali pa juu: kisima hapa, pampu ya mkono, tangi la mawe, mfereji mmoja wa kushuka, na vijifereji kwa kila mstari. Maji yatakwenda yenyewe. Bwana akakubali, akaongeza neno moja. Siku pampu itakapofungwa, Wamalwa ataitunza, na atapewa nyumba ya mawe iliyo tupu karibu na hapo. Ni nyumba ya mtu mwenye familia. Bila maji, hakuna nyumba.

Kwa sasa analipwa shilingi sitini kwa mwezi na analala chumba kimoja na Mwanzia na wanaume wengine wawili. Mkewe, Nakhumicha, yuko Kimilili. Hajamwona kwa miaka miwili na miezi minne. Binti yao, Idah, alimwacha akitambaa.

Desemba, kwenye futi ya kumi na tisa, maji yaliingia. Asubuhi yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Jumapili iliyofuata akaenda Ruiru kwa karani wa duka, akaandikiwa barua: Maji yametoka. Njoo na mtoto.

Siku tisa baadaye shimo lilikuwa kavu. Yalikuwa maji ya mvua tu, yaliyokaa juu ya udongo mgumu. Mchimba visima yeyote anayajua maji ya namna hiyo. Wamalwa pia aliyajua.

"Niliyaonja. Yalikuwa na ladha ya udongo wa juu. Nikajifanya sikuisikia."

Nakhumicha amejibu. Ameuza mbuzi, shamba la mahindi amemwachia dada yake, na atashuka stesheni ya Ruiru Jumamosi. Leo ni Jumatano. Chini ya mtaimbo kuna mwamba mweusi, na tangu Ijumaa umevunjika futi moja na nusu.

Juzi Wamalwa alikwenda posta kupeleka simu ya maandishi ya kumzuia. Alifika mlangoni, akasimama, akarudi.

Adhuhuri anatolewa shimoni, vumbi mpaka kwenye kope. Mwanzia anampa uji.

"Jumamosi utamlaza wapi mama Idah? Ndani ya ndoo?"

"Mwanzia, nyamaza."

"Basi mimi nitahamia stoo. Wale wengine wawili nitawatoa kwa matusi. Unajua ninayo mengi."

Wamalwa anacheka kidogo. Anapoulizwa kwa nini hakupeleka ile simu, anajibu huku akikoroga uji.

"Ningesema nini? Usije? Miaka miwili mdomo wangu unasema njoo."

Anamaliza uji, anashika kamba.

"Maji yakitoka kabla ya Jumamosi, nitampa nyumba. Yasipotoka, nitamwambia pale pale stesheni kwamba nilimdanganya. Lakini nitakuwepo mapema, na nitakuwa nimeoga."