Kaseti ya watu wawili: siku niliyonunua game Eldoret nikadhani nimechezwa

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mliojificha chooni na simu.

Nimesoma uzi wa yule kijana anayeuliza anunue game gani na pesa zake ni kidogo. Mmebishana kuhusu graphics mpaka page ya nane na bado hajajibiwa. Nilitaka kumwandikia mistari miwili tu, nikajikuta nina story nzima, ndio maana nimeifungulia uzi wake.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa. Pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika.

Halafu mjue mimi ni mama. Kuna watu humu wananiita "bro" tangu nijiunge. Sikuwasahihisha kwa sababu mkijua mtu ni mwanamke mnaanza kumuuliza kama ameolewa.

Haya, twende.

Ni Eldoret, miaka ya mwisho mwisho ya chama kimoja. Niko form two, tumefunga shule. Tuliishi Munyaka, baba yangu akiwa mwalimu wa primary. Sisi ni Wakalenjin, na mimi niiteni Chebet.

Mjomba wangu alikuwa mkimbiaji. Alienda mbio Hong Kong, hakushinda kitu, lakini alirudi na mashine ya game ya kuchomeka kwa TV. Ilikuwa na pad mbili na kaseti moja tu. Kaseti yenyewe ilikuwa ya Kichina mwanzo mpaka mwisho: vigae na maandishi. Tulibonyeza kila kitu siku tatu, hatukujua kama tunashinda au tunashindwa.

Tulibonyeza mimi na Wanjiru. Huyu alikuwa rafiki yangu wa plot ya pili. Wazazi wake ni Wakikuyu, walitoka Central wakafungua duka la mboga na makaa. Tulienda shule moja, tukasuka nywele kwa mtu mmoja, hata homework tulinakiliana makosa.

Tukaamua kununua kaseti yetu. Likizo ile shangazi yangu wa Timboroa alitaka watu wa kuchuma pareto, tukaenda wote wawili. Wakuu, baridi ya Timboroa asubuhi sio ya mchezo. Vidole vinakufa ganzi unachuma maua bila kuyasikia. Tukarudi na pesa ya kaseti moja. Moja tu, ya second hand, na tukikosea hakuna nyingine mpaka likizo ijayo.

Kwa hivyo tulikubaliana kitu kimoja kabla ya kutoka nyumbani: lazima iwe ya watu wawili. Ya mtu mmoja itafanya mwingine akae anaangalia mgongo wa mwenzake.

Baba naye alikuwa na sharti lake. "Wewe Chebet, huyu Wanjiru peke yake. Wakifika watano kwa hii nyumba, huo ni mkutano, na mimi sina leseni ya mkutano."

Vijana mtacheka, lakini baba hakuwa anatania. Siku hizo watu walipunguza sauti ya redio jirani akipita. Ukiona mwanaume mgeni amekaa mahali na gazeti zaidi ya nusu saa, unaanza kuongea habari za mvua. Kila mtu alimshuku kila mtu, na sisi watoto tuliokota tabia hiyo bila kufundishwa.

Fundi aliyeuza kaseti alikuwa mjini, Mzee Kariuki. Alitengeneza redio kwenye kibanda kilichopakana na kisiagi cha posho, mashine ya kusaga unga. Kile kisiagi kilipiga kelele mpaka ukiongea na Mzee lazima umsogelee sikio au utumie mikono.

Siku hiyo kulikuwa na mtu kwenye benchi. Kofia, koti, gazeti.

Mzee akatuwekea kaseti mbili kwa kaunta. Moja nyekundu, ina picha ya gari la rally limeruka matope. Nyingine nyeusi, haina picha wala karatasi. Kusema ukweli ile ya gari ilinivutia, lakini agano ni agano. Nikaiinua ile nyeusi, nikamwangalia Mzee, nikainua mkono juu na vidole viwili.

Nilikuwa namuuliza, hii ni ya watu wawili?

Wale wa umri wangu mmeshashika kichwa. Kwa mliozaliwa juzi: salamu ya chama ilikuwa kidole kimoja juu. Waliotaka vyama vingi walikuwa wameanza kuinua viwili, na kuna watu walioinua wakalala ndani. Mimi nilikuwa nimesikia hayo mambo juu juu. Akili yangu yote ilikuwa kwa game.

Gazeti la yule mtu likashuka.

Mzee Kariuki alibadilika uso. Alininyang'anya kaseti nyeusi, akaitia chini ya kaunta. "Hiyo imeharibika! Chukua hii ya gari!"

Nikashangaa. Imeharibika saa ngapi na umeiweka mwenyewe hapa sasa hivi?

Wanjiru akainama kwa kaunta, akamwambia kitu kwa Kikuyu. Maneno machache, haraka haraka. Mzee akamjibu neno moja. Wakaangaliana.

Hapo ndipo roho yangu ilichafuka. Tumekuja wawili, pesa ni ya wawili, sasa mnaongea lugha yenu mimi nikiwa nimesimama hapa? Bibi yangu alikuwa akisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nikaona nimeelewa maana yake siku hiyo.

Mzee akatupa mgongo, akafunga kaseti kwa gazeti kuukuu, akazungusha uzi mara nne. Kwa nini utupe mgongo kama unafunga kitu halali? Nikalipa, nikabeba nikijua ni ile ya gari.

Njiani sikumngoja Wanjiru. Nilitangulia mbele nikitembea kwa hasira. Mara moja niligeuka nikamwona anakuja pole pole, na nyuma yake, mbali kidogo, yule mtu wa gazeti naye anakuja upande wetu. Wanjiru alinikazia macho tu, hakusema kitu. Nami nikajiambia, ana hatia, ndio maana hana la kusema. Alipofika kwao akanipazia sauti kwamba atakuja saa kumi akimaliza kumsaidia mamake.

Nikafika nyumbani, nikakata uzi, nikafungua.

Kaseti nyeusi.

Ile ile aliyosema imeharibika!

Wakuu! Pareto yote ile, vidole vyote vile, nimeuziwa takataka. Kabla sijacheza nikawa nimechezwa. Na nani? Na mtu niliyempa nusu ya blanketi kule Timboroa.

Sikufikiria mara mbili. Nilikimbia mpaka kwao. Mamake alikuwa nje anamenya waru, Wanjiru amechuchumaa karibu naye. Nikamrushia ile kaseti miguuni.

"Mlinibadilishia! Mlipanga na Mzee mimi nikiwa nimesimama hapo! Nyinyi watu ndio mko hivyo!"

Kisu cha mamake kilisimama katikati ya kiazi. Hakunitazama.

Wanjiru akasimama. Hakupandisha sauti.

"Sisi watu gani, Chebet?"

Nikaangalia kaseti pale chini.

"Umeijaribu?" akauliza.

Sikuwa nimeijaribu.

Akaiokota, akaipangusa vumbi kwa leso yake. "Nilimwambia Mzee wewe ni dadangu, na unauliza tu kama inachezwa na watu wawili, hujui mambo ya vidole. Nikamwomba atufungie hiyo bila huyo mtu kuona. Hiyo ndiyo tulienda kutafuta, ama sivyo?"

"Si ungeniambia njiani?"

"Na huyo mtu nyuma yetu? Na wewe ulikuwa unakimbia?"

Yule mtu wa gazeti mpaka leo sijui alikuwa nani. Pengine alikuwa wa serikali. Pengine alikuwa anangoja redio yake itengenezwe na nyumbani kwake ni huku kwetu. Sina uhakika, na nilisema nitasema.

Nilirudi nyumbani peke yangu na kaseti. Nikaichomeka. Sauti haikutoka, TV yetu ilitoa mvumo tu kama mvua kwa mabati, lakini picha ilikuja safi. Maandishi mawili katikati ya kioo: 1 PLAYER, 2 PLAYERS. Nikaketi pale nikalia kwa aibu.

Nilienda kuomba msamaha, kwake na kwa mamake. Mamake alisema, "Hakuna neno, mama, nyinyi ni watoto." Wanjiru akaja Jumapili. Game yenyewe ilikuwa tamu, vijitu viwili ndani ya jumba linaloungua, mmoja anashika ngazi na mwingine anapanda. Tulicheza likizo hiyo na zilizofuata. Lakini alianza kukaa kiti cha karibu na mlango. Na mama yangu akimkaribisha chai, yeye ambaye alikuwa akijimiminia mwenyewe, sasa alisema, "Asante, nimekunywa."

Haukupita muda mrefu nikaanza kusikia watu wazima, sokoni, kanisani, kwa steji, wakisema neno lile lile. Nyinyi watu. Hawa watu. Kila nikilisikia nilijificha uso, kwa sababu mimi nililisema mapema kuliko wao, na nililisema kwa ajili ya kaseti. Halafu vita vya makabila vikaanza, na familia ya Wanjiru ikafunga duka ikahama. Alinipungia mkono juu ya lori, na mimi nikapunga.

Kwa hivyo kijana, ushauri wangu ni huu. Kama pesa ni kidogo, nunua ya watu wawili. Ijaribu kabla ya kumtukana mtu. Na ukisikia watu wanaongea lugha usiyoijua mbele yako, uliza wamesema nini, pengine wanakuokoa.

Mashine ilikufa zamani. Kaseti ninayo, iko kwa droo ya vitambaa.

Wanjiru tunaongea kwa simu siku za sikukuu, tunacheka, tunaulizana watoto. Lile swali lake hajawahi kulirudia, na mimi sijawahi kulijibu. Wakuu, nyinyi mngemjibu nini? Sisi watu gani?